Copper, Cobalt, na Saruji ya Tata Mukendi

Mama Ngalula amekufa. Habari ilinifikia kwa simu nikiwa mkutanoni, nimekaa kati ya mainjinia wawili, mmoja anamwaga Kiingereza huku, mwingine anasubiri Kifaransa kule, na mimi katikati nikigeuza maneno bila karatasi kama ilivyo kawaida yangu. Uliza mtu yeyote Kolwezi ni nani anayeitwa pale mkalimani mwingine anapoanza kutoka jasho. Watakutajia jina langu. Niliangalia kioo cha simu, nikaona ujumbe, nikamaliza sentensi ya yule injinia mpaka nukta yake, ndipo nikaomba ruhusa. Nje niliingia kwenye gari langu, ambalo sikupewa na mwanamume yeyote, nikashika njia ya Mutshatsha hadi kwenye zile nyumba ndogo walikohamishiwa watu wa mtaa wetu wa zamani. Waendesha baiskeli wa makaa walinipisha. Wanawake wa kilio walikuwa wamekaa chini juu ya mikeka, na nilipovua miwani nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, kwa sauti ambayo watu huitumia wanapotaka kusikiwa: "Njo ule wa Kingereza?" Mwingine akajibu, "Njo yeye. Alikuwaka analala kwa Mama Ngalula, anatwanga sombe. Ona viatu sasa!" "Diploma inamunenepesha." Nilicheka, nikawasalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Ni kweli, diploma imeninenepesha. Niliipata Dar es Salaam baada ya miaka ya Kitwe, kwa nguvu zangu, na ndiyo sababu ninaandika Kiswahili hiki kilichonyooka badala ya kile tulichokizungumza nyumbani. Lakini mlango wa kwanza wa safari hiyo yote ulikuwa sebule moja ambayo leo haipo, na mwaka mmoja ambao nimeuzunguka maisha yangu yote bila kuuingia.

Nilikotoka kabla ya nyumba hiyo hakuna umuhimu hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa na njaa ya kujua, na Mama Ngalula alinipa chumba kidogo cha nyuma kwa sharti la kumsaidia jikoni. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu chini ya bati. Sebule, tuliyoiita salon, iligeuka darasa kila siku kuanzia saa nane mchana. Tata Mukendi, mume wake, alikuwa amepaka ukuta wa upande wa jikoni rangi nyeusi ukawa ubao. Kabati la vioo la Mama Ngalula lilibaki mahali pake, na bilauri za harusi yake zikiwa zimepangwa ndani kama masista kanisani, kwa hiyo tulisoma tukijiona kwenye vioo, na harufu ya sombe, kisamvu chetu, ilipita pazia ikatukuta katikati ya vitenzi. Tata Mukendi alikuwa mtu mfupi, wa koti la kahawia hata wakati wa joto kali. Maisha yake ya kazi aliyapitisha kwenye mgodi wa chini ya ardhi akigawa taa. Kila mchimbaji alichukua taa kwake akishuka na kumrudishia akipanda, na kila taa ilikuwa na msumari wake ukutani. Zamu ilipokwisha aliangalia misumari: uliobaki mtupu ulikuwa wa mtu ambaye hajapanda. Kiingereza alikipata kwa mainjinia waliokuja kutoka upande wa Zambia, halafu akakikuza mwenyewe kwa kamusi mbili nene zilizokuwa zimefumuka mgongo. Tulimwita Ticha. Alikuwa na hofu moja tu, na mtaa mzima uliijua: kwamba Crispin, mtoto wake wa pekee, angeshuka chini ya ardhi.

Namna yake ya kufundisha sijaikuta tena popote, na nimekaa mbele ya walimu wenye majina. Alisema neno ni kama gunia la mawe: usilinunue kwa rangi ya juu, livunje uone ndani. Kila mwanafunzi alichagua maneno mawili ya Kiingereza, akatafuta maana yake na mahali yalipozaliwa, na mwisho wa mwaka alitakiwa kusimama mbele ya wenzake, amenyoosha mikono kama mizani ya wale wanunuzi wa mawe kando ya barabara, neno moja kila mkono, atuambie lipi ni zito na kwa nini. Aliyepima vizuri kuliko wote, Ticha angempeleka kwa rafiki yake wa ujana aliyekuwa na shule Kitwe, huko Zambia. Didier, aliyekuwa mcheshi wa darasa, alichagua "window" na "door". Alituambia kwamba dirisha, kwa wale watu wa baridi waliolizaa neno hilo, lilikuwa jicho la upepo, nasi tukapiga makofi. "Na door?" Ticha akauliza. Didier akakuna kichwa. "Door haina histoire, Ticha. Nilitafuta paka nikachoka. Mulango ni mulango." Ticha alicheka mpaka, au paka kama tunavyosema kwetu, akatoa kitambaa.

Mimi nilichagua "copper" na "cobalt". Wenzangu walidhani nimechagua kwa uvivu, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa kwenye kila ukuta wa mji, lakini nilijua ninachofanya. Nilikaa na zile kamusi sakafuni jioni kwa jioni, Ticha akinisaidia pale nilipokwama kwenye vifupisho. Copper ni shaba, na sisi tuna neno letu la shaba, hata jimbo letu zima liliwahi kuitwa hivyo. Waingereza hawakuwa na lao. Walilipokea kutoka kwa Warumi, na Warumi waliita shaba madini ya Kupro, kwa sababu waliichimba katika kisiwa hicho. Miaka ikalikata jina, ikalisugua, likabaki copper. Kwa hiyo ndani ya neno hilo mna mahali: watu wanakaa, meli zinafika, mtu anaweza kusema ninatoka huko. Cobalt ni habari nyingine. Lilizaliwa milimani kwa Wajerumani, kwa wachimbaji waliotafuta fedha. Walikuta jiwe linalong'aa wakadhani wamepata, wakalitia motoni, fedha haikutoka. Ulitoka moshi uliowaumiza. Wakasema kuna kapepo chini huko, kajitu kabaya kanakokaa gizani, ndiko kameiba fedha na kutuachia uchafu huu. Jina la kapepo likabaki kwenye jiwe hata baada ya wasomi kugundua kwamba ndani yake mna madini mapya. Ticha aliipenda hadithi hiyo kupita kiasi. Akaifanya mazoezi ya sauti ya kila siku. Alipiga ubao kwa fimbo na kusema "Copper!", sisi sote tukaitikia kwa nguvu, "Kisiwa!" Akasema "Cobalt!", nasi tukapaza, "Kapepo!", mpaka bilauri za Mama Ngalula zikalia kabatini.

Mwaka huohuo ndipo nyumba za mtaa wetu zilipoanza kuchimbwa kutoka ndani. Mtu asiyetoka Kolwezi hunitazama kwa mashaka ninapoeleza, kwa hiyo nitaeleza polepole. Mawe meusi yenye cobalt yalikuwa chini ya mtaa wenyewe, chini ya vitanda na majiko. Jirani yetu, Tata Kasongo, alikuwa wa kwanza upande wetu. Alisema anachimba choo. Choo hicho alikichimba chumbani kwake. Kitanda kikatolewa uani, turubai la rangi ya machungwa likatundikwa dirishani, na udongo ukatoka kwa magunia. Mke wake alipika mbele ya kitanda huku akisalimia wapita njia. Shimo lilishuka wima kama kisima, na likifika kwenye mawe linageuka njia ya pembeni, tuliyoiita galerie, linafuata mawe yanakokwenda, bila kuuliza parcelle hii, kiwanja hiki, ni ya nani. Hilo ndilo lililovunja moyo wa watu wengi: ukikataa kuchimba kwako, jirani anakuja chini kwa chini anachukua vyako, na ufa unabaki ukutani mwako.

Nakumbuka chakula kimoja cha jioni, jua bado liko mlangoni. Bukari, ugali wetu, ilikuwa katikati ya meza, sombe pembeni, na samaki mkavu aliyeletwa na treni kutoka Dilolo. Crispin alikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, mrefu kuliko baba yake, mwenye kicheko kilichoanza kabla ya maneno. Alinawa, akakaa, akasema bila kumwangalia baba yake, "Papa, chini ya hii nyumba kuko bitu." Ticha akaendelea kukanda tonge. "Kuko bitu, Papa. Kasongo anakuya na galerie yake paka huku. Shiye tusipochimba, beye banachimba." "Mu nyumba yangu hakuna mutu atachimba." "Mais, Papa..." "Mais nini? Nilitoa mataa kwa batoto ba batu maisha yangu yote. Ya mutoto yangu sitatoa." Crispin akanitupia jicho kama anayeomba msaada. "Nadège, mwambie. Weye unajua mambo ya cobalt." "Mi najua neno tu," nikamjibu, "jiwe sijue." Mama Ngalula akagonga mwiko kwenye sufuria. "Acheni. Mukiwa munashindana, bukari inapoa, na mi sitapika ingine." Wakacheka wote wawili, baba na mtoto, kwa kicheko kimoja kilichofanana. Nilidhani jambo limekwisha. Crispin aliahidi mbele ya mama yake kwamba hatashuka. Angeuza crédit ya simu, yaani vocha, sokoni. Kesho yake alitoka asubuhi na mwavuli wa rangi na kiti cha plastiki begani.

Kiangazi kilipofika Ticha aliamua kumwaga zege salon nzima. Alitaka mtaa uone. Wengine walipobomoa sakafu zao, yeye angeweka sakafu ambayo hakuna sururu ingeiuma. Alinunua saruji kidogo kidogo, akaokota nondo za chuma kwenye takataka za mgodi, akazifunga kwa waya zikawa kama wavu. Sisi wanafunzi tulibeba mchanga na kokoto. Didier aliimba nyimbo za kwaya kwa maneno ya kijinga. Crispin ndiye aliyechanganya, kwa sababu alikuwa na mikono mirefu. Ticha alitukataza kukaribia kipimo cha saruji na mchanga; hicho alikipima mwenyewe kwa ndoo, kama daktari anavyopima dawa. Ilipokauka aliisugua mpaka ikang'aa kama sahani. Alisimama katikati na lile koti lake, akatutangazia: "Voilà. Mwenye kutaka kuchimba hapa, akuye apitie mbele yangu." Tulimpigia makofi. Sikumbuki kumwona mtu mwenye furaha namna hiyo, na nimeona watu wakipokea diploma, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao.

Baada ya hapo nyundo za chini zilisikika kwa mbali, nzito, kama mtu anayetwanga kwa jirani wa tatu. Zilikuja katikati ya somo. Ticha alipochoka nazo alipiga kisigino sakafuni mara tatu, na maajabu, chini pakanyamaza. Tukasubiri. Kisha tukasikia mapigo mawili mepesi: ko, ko. Darasa likaanguka kwa kicheko. "Ona," Ticha akasema, naye anacheka, "kapepo ya Nadège inajibu." Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Kabla ya kuanza somo Ticha alipiga kisigino mara tatu, tukangoja, na kapepo likajibu mara mbili, na hapo ndipo ubao ulipoguswa. Lilipochelewa kujibu tulisikitika kama mwanafunzi mwenzetu amekosa kuja.

Na nyumbani Crispin alirudi kila jioni akiwa ameoga tayari, nywele zina maji. Mama yake alimshika mkono siku moja mezani akautazama. "Hii crédit ya telefone njo inachafula makucha hivi?" "Nasaidiaka rafiki kutengeneza pikipiki yake, Mama." Siku nyingine aliniuliza, tonge mdomoni, "Nadège, ile kisiwa ya copper, banaiitaka namna gani? Leo mulipiga ukelele nayo sana." "Kupro. Nani alikuambia tulipiga ukelele?" "Ukelele yenu inafika paka ku soko!" Tulicheka meza nzima, Ticha alicheka kuliko wote, kwa kuwa alipenda kusikia kwamba darasa lake lilifika sokoni. Nimefundishwa kusikiliza. Ni kazi yangu. Ninalipwa kusikia kile ambacho mtu hakukisema bado. Kila nikiirudia meza ile nasikia sentensi hiyo imelala kati ya bukari na samaki, wazi, bila kificho, na watu wanne wanaicheka.

Mvua ya kwanza kubwa ilianguka tukiwa darasani. Bati lilipiga kelele mpaka Ticha akawa anafundisha kwa ishara. Alikuwa ameshapiga kisigino chake mwanzoni, na jibu lake alikuwa ameshalipata. Kisha kitu kiliguna chini, mara moja, na bilauri zote za kabati zikalia pamoja. Tuliangaliana. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Tata Kasongo, hana viatu, matope mpaka kifuani. "Ticha," akasema. "Ticha, acha masomo." "Ngoja nje, jirani. Niko nafundisha." "Mayi imeingia mu shimo. Galerie imeanguka ku mulango. Batatu balitoka." "Pole. Niko nafundisha." "Crispin eko chini." Ticha akamtazama kama anayesahihisha kosa la mtoto. "Crispin eko ku soko." Tata Kasongo akaanza kulia, mtu mzima mwenye watoto saba. "Hapana, Tata. Crispin eko chini ya miguu yako."

Ticha hakupiga kelele. Alishusha fimbo yake ya ubao, akaiweka vizuri ukingoni, akapiga kisigino mara tatu. Tulingoja. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Ikaja: ko, ko.

Katika nyumba ile hapakuwa na sururu hata moja, alizikataza. Tulikimbia kwa Kasongo tukaleta sururu na nyundo kubwa na mitaimbo. Ticha alivua koti kwa mara ya kwanza mbele yetu, akachukua nyundo ya kwanza yeye. Ilipiga sakafu ikarudi juu kama imepiga mpira. Ile saruji ilikuwa nzuri. Sijapata kuona tena saruji nzuri kama ile, na nimezunguka na wajenzi wa kila taifa. Ilitoa vumbi, ilitoa vipande kama vidole, na ilipopasuka ulionekana ule wavu wa chuma, na mitaimbo ikanasa humo. Vijana walipokezana. Mama Ngalula alikuwa amelala kifudifudi kando ya kabati, mdomo sakafuni, akimwita mtoto wake kwa jina la nyumbani ambalo sitaliandika hapa. Kila walipopumzika Ticha alipiga kisigino. Mara ya pili alijibiwa. Mara ya tatu alijibiwa. Halafu likaja pigo moja, na sisi tukasubiri la pili, Didier ameshika nyundo juu hewani, haishuki. Halikuja. Walipotoboa, nondo moja ikakatwa, tukaona kwamba chini ya sakafu hapakuwa na ardhi tena. Udongo ulikuwa umekwisha kuchukuliwa kitambo. Sakafu ilisimama peke yake juu ya utupu kama daraja. Ingekuwa sakafu ya kawaida kama ya watu wengine ingebonyea tangu miezi iliyopita, Ticha angeona tundu, angemtoa mtoto wake kwa sikio mbele ya mtaa mzima, na tungecheka. Sakafu yake haikubonyea. Ilificha kila kitu, kwa sababu ilitengenezwa na mtu mwangalifu.

Walimtoa kabla jua halijazama. Hakuwa na jeraha. Maji yalimfikia na hewa ikaisha. Walimlaza mezani, ile ya chakula, na Mama Ngalula akamwosha makucha, kucha moja moja, kwa muda mrefu, hakuna aliyethubutu kumwambia inatosha. Baada ya mazishi mnunuzi mmoja wa mawe alikuja na gunia, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema pole nyingi, kisha macho yake yakaenda kwenye rundo la udongo lililotoka pamoja na Crispin, na akasema kwa upole kwamba udongo ule ulikuwa wa daraja la juu. Mama Ngalula alimfukuza na mwiko mpaka barabarani. Huo ndio udongo ambao mtoto wake aliufuata, na ulikuwa wa daraja la juu. Hata katika hilo Crispin hakukosea.

Nilidhani darasa limekufa. Lakini siku moja saa nane Ticha alivuta kiti chake akakaa kando ya shimo, katikati ya salon, akatuma mtu atuite. Tulikuja watano. Shimo lilikuwa limefunikwa kwa mlango wa zamani, na tulipanga viti kuuzunguka. Hakupiga kisigino. Akasema, "Nadège, pima." Nilisimama, nikanyoosha mikono. Ninajua kuzungumza mbele ya watu; siku hiyo ndipo nilipojua kwamba ninajua, na ninaona aibu kidogo kwa jinsi sauti yangu ilivyotoka safi. Nilisema katika mkono huu nina copper, na ndani yake mna kisiwa, mahali pa kutoka na kurudi. Katika mkono huu nina cobalt, na ndani yake hamna mahali, mna lawama tu. Watu waliumia, hawakujua nini kiliwaumiza, wakamtafuta wa kumshitaki, wakampata gizani, wakampa jina. Nikashusha mkono wa cobalt chini kuliko ule mwingine. Nikasema hili ndilo zito. Didier alitaka kupiga makofi, akajizuia.

Ticha aliutazama ule mlango wa zamani. "Umepima muzuri," akasema. "Bale bachimbaji ba zamani balikuwa na bahati. Mutoto akifia chini, banasema: njo kapepo. Banalia, banaenda kulala. Mi nitamushitaki nani? Sima ya hii sakafu niliipima mi mwenyewe, na ndoo yangu." Kisha akanyanyuka, akavaa koti lake, akanipa mkono kama anavyompa mtu mzima. "Utaenda Kitwe." Hakufundisha tena. Niliondoka kwa lori kabla mvua hazijaisha, na Mama Ngalula alinifungia samaki mkavu kwenye gazeti.

Yaliyofuata watu wanayajua, maana nayasimulia mwenyewe bila kuombwa: Kitwe, Dar, diploma, kurudi kwangu, nyumba yangu ya ghorofa moja niliyoijenga bila mkopo. Ticha alikufa nikiwa Dar. Niliambiwa kwa simu. Mtaa ule ulizungushiwa ukuta, watu wakahamishwa, na mashine zikaingia kufanya kwa mchana mmoja kazi ambayo Kasongo aliifanya kwa mwaka. Niliwahi kurudi pale na kofia ngumu kichwani, nikiwatafsiria wageni. Nilitafuta mahali ilipokuwa salon, nikiangalia huku na huku, mpaka nikaelewa kwamba nilikuwa nikiangalia chini mno. Tulikuwa tumesimama chini kabisa ya shimo la wazi la mgodi, na ardhi iliyobeba nyumba ile ilikuwa imekwenda, kwa hiyo chumba chetu, ubao wetu, kabati na meza ya bukari, vyote vilikuwa juu ya vichwa vyetu, hewani. Mgeni mmoja aliniuliza kama najua neno cobalt lilitoka wapi. Nilimweleza vizuri sana. Wote walicheka, kajitu ka chini ya ardhi huwachekesha watu kila mara. Ninaisimulia hadithi hiyo tangu ujana wangu, katika lugha tatu, na kila mara nikifika kwenye kapepo namwona mbele yangu mtu wa koti la kahawia anayejaribu kuamini kapepo na anashindwa.

Jana, kwenye kilio, baada ya nyimbo za kwaya, wakasema mtu wa Kingereza aseme maneno mawili, Ticha angefurahi. Didier alikuwepo, ana mvi sasa, anaendesha pikipiki ya abiria. Nilisimama mbele ya jeneza, katika sebule ndogo ya nyumba ile ya kuhamishiwa, na nilikuwa nimeandaa kitu kizuri kichwani, chenye sentensi ndefu. Kabla sijafungua mdomo Didier akapaza kutoka ukutani, "Copper!" Na kutoka pande zote za chumba, kutoka uani, hata kutoka kwa wanawake wa jirani waliokuwa wakituletea chai darasani enzi zile, wakajibu, "Kisiwa!" "Cobalt!" "Kapepo!" Watu wakacheka kile kicheko cha kilio ambacho ni jirani ya machozi. Nami, sijui kwa nini, mguu wangu ukainuka wenyewe. Nikapiga kisigino cha kiatu changu kwenye saruji, mara tatu.

Chumba kizima kikanyamaza. Wale waliosoma pamoja nami waliinamisha vichwa wakisikiliza, na wale ambao hawakuwahi kuliona darasa letu walisikiliza pia, bila kujua wanasikiliza nini. Tulingoja. Chini palikuwa na ardhi tupu, ngumu, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigusa, maana haina mawe, na ndiyo sababu watu wetu walipewa. Kisha mama mmoja akatokeza kichwa kwenye pazia la jikoni akauliza kwa sauti ndogo kama bukari iletwe sasa.